Samaki Mubichi wa Mama Ramla

Ukishuka kwetu asubuhi, pale mawe yanapoanza na mto unapoanza kupiga kelele, utasikia harufu ya mikate ya mchele kabla hujamwona mwenye kuipika. Huyo ni Mama Ramla. Vijana wetu hawapandi tena kwenye miti ya mitego ya samaki bila kupitia kwake. Wengi wanadhani alizaliwa hapa hapa. Mimi najua siku aliyofika, maana alifika mlangoni pangu, tena alifika kwa makosa.

Ramla ni mtu wa Kindu. Mume wake, fundi wa viatu, alipofariki, kaka yake Amuri alitaka ahamie kwake, akae pale uani, ndani ya lupango lake, na kuangaliwa kama mgonjwa. Ramla hakuwa mgonjwa. Alikuwa mama mzima mwenye sufuria yake ya kukaangia na mikono inayojua kazi. Akasema: naenda Kisangani, nitakaa kule, nitapika mikate yangu. Amuri akacheka.

"Peke yako? Hata sokoni ulikuwa unaenda na mutu! Kule watakuita mugeni mpaka siku ya kukuzika."

"Wataniita jina langu."

"Bon. Nenda. Siku ya kwanza kule, jua likishuka, nitakupigia telefoni. Kama uko na watu, ubakie. Kama uko mugeni tu, unarudi kwangu, na hatuongei tena hii maneno. Sawa?"

"Sawa."

Na Ramla akisema sawa ni sawa. Hapo ndipo hatari ilikuwa.

Alishuka kwa boti mpaka Ubundu, akapanda pikipiki, akafika Lubunga, ng'ambo ya mto. Kule Kindu walikuwa wamemwambia kuna nyumba ya wageni hapa mjini, karibu na bandari, inayoshikwa na mama mmoja wa Maniema, jimbo la kwao. Atafikia pale, huyo mama atamwonyesha watu. Ndiyo ilikuwa akili yake. Basi akaingia kwenye pirogi, mtumbwi wa Papa Gédéon mvushaji, akaweka sufuria kati ya miguu, akasema:

"Papa, nipeleke kwa wageni."

Gédéon akasikia "kwa Wagenya", yaani kwetu sisi, wavuvi wa maji makali. Na nani asingesikia hivyo? Mama mwenye sufuria kubwa namna ile, anaenda wapi kama si kwenye samaki? Akakata maji kuelekea juu.

Ramla akaona mji unabaki kushoto, kanisa kubwa linakuwa dogo, na mbele hakuna ghorofa, ni miti imesimama katikati ya maji makali na watu wananing'inia juu yake.

"Papa, wageni wanalala huku?"

"Wanalala, wanaamuka, wanazaa watoto," Gédéon akamjibu. "Tangu wakati wa wakoko, babu wa babu zetu."

Mimi nilikuwa nje, namenya ndizi za kuponda lituma. Nikamwona anapanda kutoka majini na sufuria kichwani, anatembea polepole, hamwombi mtu mkono. Nilimpenda kwa hilo kabla hajafungua kinywa. Alipofungua kinywa, mapenzi yakaisha.

"Jambo, mama. Kwa wageni ni hapa?"

"Ni hapa."

"Vitanda viko?"

"Viko. Unafikiri tunalala ndani ya mitego?"

"Pardon, mama. Na mwenye nyumba?"

"Ni mimi."

"Basi wewe ndiye ule mama wa Maniema?"

Nikaweka kisu chini. "Maniema? Sikiliza, mama. Miti ile unaona, baba wa baba yangu alisimamisha ya kwake pale pale. Mimi niko Mugenya!"

"Mugeni? Basi mwenyeji ni nani?"

Gédéon alicheka mpaka akakaa chini ndani ya pirogi yake. Mimi sikucheka. Neno hilo limenifuata tangu utoto. Wazee wetu walijiita Baenya. Watu wa Kiswahili walipofika wakaweka Wa- yao mbele, na jina likaharibika likawa Wagenya. Shuleni, mwalimu aliyetoka mbali aliandika ubaoni "Wageni ni wavuvi", na darasa lote likanigeukia. Nilimaliza primaire na cheti changu, lakini ubao ule sijausahau. Sisi tuliokuwa hapa kabla ya nyumba, kabla ya reli, kabla ya mji wenyewe, ndio wageni?

Gédéon akamweleza kwamba yeye alisikia Wagenya, siyo wageni. Ramla akatazama jua. Lilikuwa limeshaanza kuwa jekundu juu ya mawe.

"Mama, nisamehe," akasema. "Sikuja kukutukana. Kaka yangu atanipigia saa hii hii." Akanieleza neno lake na Amuri, kwa kifupi, bila kulia. "Na nyumba ya wageni iko mbali?"

"Ni mbali. Lakini ukipanda juu kwa barabara, utapata pikipiki."

"Aksanti."

Akainama kuchukua sufuria yake. Wakati huo huo Benoît, mtoto wa ndugu yangu, akapanda kutoka mtoni na kikapu cha samaki. Katika nyumba ya baba yangu, samaki wakigawanywa, aliyesimama pale harukwi. Benoît akaanza kuweka mafungu chini. Alipomfikia yule mama akanitazama.

"Tantine, na huyu?"

Niliangalia ile sufuria. Chini ilikuwa nyeusi ya miaka mingi, lakini ndani iling'aa kama kioo. Mtu anayesugua sufuria namna ile hapiti tu.

"Mupe," nikasema.

Benoît akamnyooshea samaki mkubwa, mkia bado unapiga. Ramla hakumpokea. Uso wake ulibadilika, nikaona ameumia.

"Mama, mimi nilikosea kwa ulimi, siyo kwa roho. Kwetu Kindu, mugeni hapewi kitu kibichi. Mugeni anapewa chakula kimeiva."

"Hata kwetu," nikamjibu. "Mugeni tunamupikia. Mubichi tunamupa mutu wa nyumba. Moto uko pale."

Alisimama, akamtazama samaki, akatazama moto. Halafu akafunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Kisu kiko wapi?"

Nikampa changu.

Alipika na mawese na pilipili, akatoa mchele wa Maniema kwenye mzigo wake, akapakua. Nilionja.

"Chumvi ni kidogo."

"Mama, chumvi si ulinipimia wewe mwenyewe?"

"Nilikupimia ya mutu mwenye akili. Ungeomba ingine."

Benoît alikuwa anacheka kinywa kimejaa, hapo telefoni ikalia. Mikono ya Ramla ilikuwa na mafuta. Benoît akamfungulia, tukasikia sote.

"Ramla! Uko wapi?"

"Niko kwa Wagenya."

"Kwa wageni! Si nilisema? Bon, kesho—"

"Yaya, kaka yangu, sikiliza muzuri."

"Nasikia. Wamekupikia nini, hao watu?"

"Hawakunipikia. Wamenipa samaki mubichi."

Benoît akatikisa telefoni, akidhani imekufa.

"Mubichi?" Amuri akauliza.

"Mubichi. Na kisu. Na moto."

"Na wewe ukapika?"

"Nilipika. Na mama mwenye nyumba iko ananigombeza juu ya chumvi."

Halafu tukasikia mtu mzima anavuta pumzi, kama anayeweka mzigo chini.

"Anakugombeza," akasema. "Bon. Basi ubakie, dada." Na baadaye kidogo, sauti ndogo: "Sufuria yako imefika? Haikutoboka njiani?"

"Imefika, yaya."

Alilala chumba cha mwanangu Trésor, aliyekwenda Kinshasa na hajarudi. Asubuhi niliamshwa na sauti ya mafuta yanayochemka, na nilipotoka nje, vijana wa mitego walikuwa wamekwisha kumzunguka, wanabishana nani wa kwanza, wanamwita Mama Ramla, kwa jina lake.

Mikate yake ni mizuri, sitadanganya. Chumvi bado ni kidogo. Ninamwambia kila asubuhi.