Mama Nancy na Nywele za Mwanawe

Mwalimu Ethel alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na mmoja, na hadi anastaafu, Chiungutwa nzima ilikuwa imeshalisahau jina lake. Kanisani, dukani, kwa vijana wa bodaboda, yeye alikuwa Mama Nancy. Nancy ndiye mtoto wake pekee, fundi cherehani mjini Masasi, na kwa muda mrefu Ethel alilibeba jina hilo kwa maringo ambayo hakujaribu hata kuyaficha.

Maringo yalianza kupungua Nancy alipoacha kuchana nywele.

Hakwenda kwa msusi kusokotwa, wala hakupaka nta. Aliziosha kwa sabuni, akaziacha zikauke, basi. Nywele zake ni za kipilipili, ngumu, zinazojikunja kuanzia kwenye ngozi, na hazikutaka kubembelezwa. Mwezi wa tatu zilikuwa zimeshajifunga vifundo. Mwaka ulipoisha zikawa dredi. Hazikulingana. Nyingine nene kama kidole gumba, nyingine nyembamba kama utambi wa kibatari, na kisogoni mbili zilikuwa zimeungana tangu shina. Nancy alikataa kuzitenganisha. "Zimeamua zenyewe," alisema.

Pili, rafiki aliyekodi naye chumba cha kushonea, alianza wakati uleule, ila mambo yake yalikwenda vingine. Nywele za Pili ni laini, za mawimbi, alizozirithi kwa bibi yake wa Lindi. Zilikuwa zinateleza. Leo zimeshikana, akiziosha kesho zimefumuka. Mwaka wa pili ndipo zilipoanza kukaa, kwa mapande mapana, bapa, na ncha zake zikabaki zimejiviringa wazi. Lakini Pili hujifunga mtandio, kwa hiyo hakuna aliyemsema. Ethel alimwonea wivu mama yake Pili kwa sababu ya mtandio ule.

"Angalau ufunge kitambaa ukija kanisani, mwanangu," alimsihi binti yake, si mara moja.

"Kitambaa nafunga nikijisikia, mama. Sifungi kwa kuficha kitu."

Nancy alipokuwa na miaka kumi na minne, Ethel mwenyewe alimpaka dawa ya kulainisha nywele ili apendeze siku ya kipaimara. Mtoto alilia kwamba inaunguza. Ethel alitazama saa, akamwambia avumilie dakika tano tu. Dawa ilipooshwa, ngozi ya nyuma ya sikio ilitoka nayo. Tangu hapo Nancy hakukubali tena kuguswa kichwa na mama yake, na jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa.

Mwezi wa saba Umoja wa Akina Mama ulipata wageni kutoka Masasi, wakiongozwa na Mama Huruma, mke wa padre wa Kianglikana. Ethel ndiye katibu, kwa hiyo chakula kilipangwa kwake. Nancy alikuja tangu jana yake kumsaidia mama. Alichinja kuku, akatwanga kisamvu, akafagia uwanja hadi ukabaki na michirizi ya ufagio tu. Kanisani hakwenda, alikuwa jikoni.

Huko kanisani Mama Huruma alisimama akazungumza juu ya malezi. Akasema vijana wanaharibika, tazameni mavazi yao, tazameni vichwa vyao, halafu akamnyooshea mkono Ethel pale mbele. "Tuwe na akina mama kama Mwalimu huyu," alisema, "waliolea hadi matunda yakaonekana." Watu wakapiga makofi. Ethel alitabasamu huku mgongo ukimlowa jasho.

Wageni walipoketi sebuleni, Nancy akatoka na beseni na jagi la maji, kanga kiunoni, nywele zimemwangukia mabegani. Alipiga goti mbele ya Mama Huruma akamnawisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti." Mama Huruma alimtazama kidogo, kisha akamgeukia mwenyeji wake. "Mama Nancy, huyo Nancy tunayemsikia kwenye jina lako, leo hatutamwona?"

Maneno yalimtoka Ethel kabla hajayapima. "Yuko Masasi. Kazi zimembana. Huyu ni binti tu, ananisaidia kazi."

Agatha, jirani yake aliyemjua Nancy tangu anabebwa mgongoni, aliinamia sahani yake ambayo bado haikuwa na kitu.

Nancy hakutikisika. Maji yaliendelea kumiminika kwenye vidole vya mgeni, taratibu, mpaka yakatosha. Akahamia kwa mgeni wa pili. Na kwa chakula chote kile alihudumu kama binti wa kazi aliyefundishwa vizuri. "Mama, niongeze mboga?" "Mama, nilete maji ya kunywa?" Neno lilikuwa lilelile alilomwita tangu alipojua kusema, na kila lilipotoka Ethel alilisikia kama linatoka kinywani mwa mtu baki.

Wageni walipoondoka, Ethel alimkuta uani anasugua sufuria.

"Nancy..."

"Nakaribia kumaliza, mama. Bodaboda nimeshampigia."

Akamaliza, akaanika vyombo, akanawa, akaaga kwa adabu zote. Ethel alibaki amesimama mlangoni mpaka sauti ya pikipiki ikapotea.

Wiki tano zilipita. Nancy alipiga simu kila Jumapili, akauliza afya, akauliza mikorosho, akakata. Ethel alitafuta hata kosa moja la kumlaumu nalo, asilipate. Na kila alipopita njiani watu walimwita kama kawaida yao, "Mama Nancy, habari za kushinda?" Alifikia hatua ya kuzunguka nyuma ya mashamba ili asiitwe. Agatha hakulitaja jambo lile hata siku moja, na Ethel alitamani alitaje.

Mwezi wa nane mwishoni alipanda gari kwenda Masasi. Alimkuta Nancy ameinamia cherehani, Pili anapiga pasi, na mteja mmoja anajaribu gauni. Nancy aliinuka papo hapo. "Shikamoo mama. Karibu ukae." Halafu akamwambia mteja, bila kusita hata kidogo, "Huyu ndiye mama yangu mzazi, ametoka Chiungutwa."

Ethel alihisi uso unawaka. Alikaa kwenye stuli, akashindwa hata kumwangalia mteja. Yule alipoondoka, naye Pili akatoka kwenda kununua uzi, Ethel alifungua kilemba chake. Nancy hakuwa amekiona kichwa cha mama yake kwa miaka mingi. Pembeni hapakuwa na nywele tena, ngozi inang'aa. Katikati kulibaki mvi chache zilizonyooka, nyepesi, zilizochoshwa na dawa.

"Hizi ndizo nilizotaka uwe nazo," Ethel alisema. "Nilikuunguza mwanangu, sikukuomba msamaha. Sasa nimekukana mbele ya watu, na wewe unanawisha mikono yao. Sina uso."

Nancy alikata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye cherehani. Kisha akasema, "Nywele nilishasamehe zamani, mama. Lile la pili linaniuma bado. Na Mama Huruma mpaka leo anajua mimi ni binti wa kazi."

Ethel alitoa simu kwenye mkoba. Alikosea namba mara mbili. Mama Huruma alipopokea, Ethel hakuzunguka. "Mama, yule aliyekunawisha siku ile ni Nancy. Ni mwanangu wa kumzaa. Nilikudanganya kwa sababu ya nywele zake."

Sauti ikaja, ya upole. "Nilijua, Mwalimu. Niliviangalia vidole vyake, nikaviangalia vyako. Nilingoja useme mwenyewe tukiwa mezani. Na mimi pia maneno yangu ya kanisani yamenikosesha raha."

Ethel aliweka simu mapajani. Kumbe siku nzima ile, alipokuwa anacheka na kukaribisha, mgeni alikuwa anamwona alivyo. Alilia hapo kwenye stuli, na Nancy akamwacha alie, kisha akakiokota kilemba kilichoanguka, akakikung'uta vumbi la vitambaa.

Mwezi wa kumi Nancy alikuja kuokota korosho, na Jumapili wakaenda kanisani pamoja. Watu waligeuka. Mama mmoja kwenye benchi la mbele alimnong'oneza mwenzake, na Ethel akahisi shingo inapata moto kama zamani. Aibu ile haikuwa imeisha, hakujidanganya. Ndani ya mkoba alikuwa amekunja kitambaa cha pili, kizuri, cha buluu, alichokichukua asubuhi bila kumwambia mtu. Alikishika humo ndani misa nzima. Hakukitoa.