Mshono Uliokwenda Upande

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni fundi cherehani, na kwa kunyoosha mshono sijaona wa kumfikia. Kwa hiyo aliponitumia gauni langu la kazini na mshono wa ubavuni umekwenda upande, mimi huyo hadi kibandani kwake, nimefura.

"Wifi, hii nini? Undugu tuuweke kando, gauni ni gauni!"

Hata hakucheka. Alikuwa nyuma ya cherehani na tumbo lake la miezi minane, anapapasa tundu la sindano halioni. Viatu kavua, miguu imevimba hadi vifundo vimepotea.

"Ni kukanyaga pedeli," akasema. "Na macho ni hiki kitambaa cheusi, naona vimulimuli. Kichwa nacho kinanigonga tangu asubuhi."

Yaani kila kitu anasingizia kushona! Hasira zikaniishia pale pale. Nikafunga kibanda mwenyewe, nikamwingiza kwenye teksi, naye njia nzima ni "wateja wangu, wateja wangu."

"Watasubiri. Nyamaza!"

Hospitalini mkunga alipima presha, akarudia, kisha akamwita daktari mbio. Presha iko juu mno, mkojo una protini. Wasipomzalisha siku hiyo angeweza kupata kifafa cha mimba, na tungempoteza yeye au mtoto.

Wakati wanamtundikia dripu, wifi akamshika daktari mkono. "Nimemfanya nini mwanangu?"

"Hujamfanya kitu, mama. Nusu ya mtoto ni ya baba yake, kwa hiyo kinga ya mwili wako inabidi ijifunze kumvumilia. Kwa baadhi ya wanawake haitulii vizuri, na tunaamini hilo huchangia kondo la nyuma lisijishike sawasawa kwenye mji wa mimba. Mishipa inakaza, presha inapanda. Hukuyataka wewe haya."

"Kumbe kaka yangu ndiye mchokozi!" nikaropoka. Daktari akacheka, akasema kaka naye hana kosa.

Walimpasua. Kaka alifika shati kageuza nje ndani, tukakaa kwenye benchi mpaka tukasikia sauti nyembamba, kali, ya mtu aliyekasirishwa. Msichana. Mdogo kama nini, lakini anapumua mwenyewe. Jamani, nililia bila aibu.

Kesho yake presha ilikuwa inashuka. Nikamkuta wifi na mtoto kifuani, anamtazama tu.

"Wifi, si mimi niliyemdhuru, eti?"

"Si wewe."

"Hebu sema tena."

Nikasema tena.