Mashua ya Fundi Vitanda na Dereva Asiyelala

Mjomba wangu hutengeneza vitanda. Karibu kila mtu mtaani kwetu amezaliwa, ameugua au amenuniana na mwenzake juu ya kitanda kilichotoka mikononi mwake, na mjomba akipita njiani huulizia hali ya vitanda kabla ya hali ya watu.

"Hakilii?"

"Hakilii, fundi."

"Haya. Na nyinyi hamjambo?"

Mtu wa namna hiyo hakutazamiwa kujenga mashua. Sisi tunaishi mbali na maji. Mtaani kwetu chombo kikubwa kinachoelea ni kata ndani ya pipa. Lakini mwaka mmoja mteja alimpa mjomba kalenda yenye picha ya mashua ya tanga jeupe. Akaitundika juu ya meza yake ya kazi, na mwaka ulipokwisha akakataa kuishusha. Muda si mrefu tukaona mbao uani zimeanza kupinda.

"Fundi," wateja waliuliza, "kitanda hiki mbona kina pua?"

Mjomba aliendelea kupiga randa. Nilimletea kitabu cha maktaba kuhusu vyombo vya majini. Akasoma michoro, akaacha maneno. Pale palipomshinda aliamua kwa mikono iliyozoea vitanda. Ndiyo maana nyuma ya mashua yake, pale anapokaa mshika usukani, pana ubao wa kichwani wenye maua yaleyale anayowachongea maharusi. Tanga lilishonwa na mkewe, mkaza mjomba, kwa shuka kuukuu. Alishona huku akinung'unika kwamba anafanya hivyo ili shuka zisioze bure, si kwa sababu nyingine yoyote, na mtu asije akamnukuu vibaya.

Mkaza mjomba ni mwanamke anayependa ua mweupe, usio na kitu. Alivumilia dude lile miaka na miaka. Aliligonga kwa goti, akalianikia nguo, akalifagia pembeni. Kisha siku moja akaja na habari mezani, huku akipakua chakula kwa utulivu wa kutisha.

"Vifaranga nimeshaagiza. Wanakuja Jumamosi."

"Vifaranga wa nani?" mjomba aliuliza.

"Wangu. Ijumaa hilo dude liwe majini. Likikutwa hapa Jumamosi, linakuwa banda."

"Mama watoto, ile ni mashua!"

"Ina kuta. Ukiigeuza ina paa. Haivuji, wewe mwenyewe umetuapia kwamba haivuji. Kuku wanataka nini zaidi?"

Kesho yake alinunua wavu wa kuku, bunda zima, akauegemeza kwenye ubavu wa mashua kama mtu aliyemletea mgonjwa sanda huku mgonjwa bado anakunywa uji. Mjomba aliutazama wavu ule, kisha akaniita kando. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mwanangu, nitafutie dereva wa lori. Lakini dereva wa kuaminika. Mimi sina umri wa kujenga nyingine."

Kaka yake mkaza mjomba ana karakana ya injini za boti huko ufukweni, na alikwishakubali kuipokea mashua. Kilichobaki ni njia yote ile ya katikati. Kila tuliyemuuliza alimjua dereva mmoja hodari kuliko wote, ambaye kwa kawaida alikuwa shemeji yake. Mjomba hakuwasikiliza. Yeye ana mtihani wake, ambao amewapima nao madereva wote waliowahi kumpelekea vitanda kwa wateja. Chumba cha mbele cha karakana yake kina kitanda cha maonyesho, chenye godoro nene na mto. Dereva akija, mjomba humwambia, "Karibu ujinyooshe kidogo, tunamalizia mambo." Kisha hukaa pembeni akipiga randa, hana hili wala lile. Dereva akipitiwa na usingizi, hapewi mzigo.

"Anayelala upesi kitandani kwangu," husema, "atalala upesi barabarani, tena na mali yangu mgongoni."

Wa kwanza alikuja na miwani ya jua na mdomo mpana.

"Mzee, mizigo mimi naijua. Nimeshabeba mpaka nyumba."

"Nyumba?"

"Mabati yake."

Alijitupa kitandani akiendelea kutusimulia habari za mabati hayo, na sentensi ikamfia mdomoni. Alikoroma na miwani yake usoni. Mjomba alimvua viatu taratibu, kwa ajili ya godoro, tukaendelea na shughuli zetu. Alipozinduka mchana aliruka, akatazama huku na huku, akauliza, "Tumefika?"

Wa pili aliizunguka mashua akikuna kidevu, kisha akauliza inakatwa sehemu gani. Huyo, mjomba hakumlaza kabisa.

Wa tatu alikuwa mwembamba, mpole, na lori lake lilikuwa kuukuu lakini limeoshwa mpaka kwenye nati. Watu walimwita Polepole. Alisema kazi yake tangu ujana ni kuhamisha watu: makabati, meza, vioo. Alilala kitandani mikono kifuani, macho darini. Mjomba akapiga randa ubao mzima. Akaja akachungulia. Macho yalikuwa bado wazi.

"Hulali?"

"Nawaza."

"Unawaza nini?"

"Breki ya mkono. Sina hakika kama niliivuta." Akainuka, akatoka nje kuangalia. Alikuwa ameivuta. Akarudi, akalala, akainuka tena kwenda kuhakikisha.

"Huyuhuyu," mjomba alininong'oneza, na kwa mara ya kwanza wiki ile alitabasamu.

Alhamisi walipakia, na hapo ndipo watu wawili wenye ujuzi mwingi walipokubaliana kwa haraka mno. Mtu wa samani anajua kwamba kitu cha mbao husafiri kichwa chini: meza miguu juu, kitanda matendegu juu. Mjomba alijua hivyo, Polepole alijua hivyo, basi hapakuwa na la kujadili. Majirani wakaitwa, mashua ikanyanyuliwa, ikapinduliwa, ikafunikwa juu ya lori kama sufuria iliyooshwa. Ili isikwaruzwe, kingo zake zilikalishwa juu ya vitanda viwili vyenye magodoro, ndani mkabaki uwazi. Kitabu cha maktaba kilikuwa na picha ya mashua ikisafirishwa juu ya tela, nayo ilisimama wima. Nilimwonyesha mjomba. Aliitazama kwa makini, akasema mpiga picha alishika kamera kichwa chini.

Ijumaa alfajiri tuliondoka. Mlingoti ulilazwa kando ya mashua, ukachomoza nyuma ya lori na kitambaa chekundu cha kichwani cha mkaza mjomba kwenye ncha. Mwenyewe alikaa katikati yetu, bunda la wavu mapajani.

"Wavu wa nini tena?" mjomba aliuliza.

"Hatujui huko mbele kuna nini," alijibu. "Likivunjika, narudi nalo. Likizama, nalitoa, narudi nalo."

Polepole aliwasha gari. Sijui nieleze vipi mwendo wake. Tulipitwa na baiskeli za mikate. Tulipitwa na kikongwe aliyebeba kikapu. Alitusalimu dirishani, akauliza tunakokwenda, akatuombea safari njema, akatuacha. Kwenye kila kona Polepole alisimamisha lori, akashuka, akaenda kwa miguu kuitazama ile kona, akarudi.

"Baba," mkaza mjomba alimuuliza hatimaye, "kona hii imekukosea nini?"

"Sijui bado, mama. Ndiyo maana naenda kuiangalia."

Askari wa barabarani alitusimamisha. Alitembea mpaka nyuma, akainama, akarudi dirishani.

"Mmebeba nini?"

"Mashua," mjomba alisema kwa fahari.

"Mimi naona vitanda."

"Mashua iko juu ya vitanda, afande."

"Nilidhani ni paa."

"Imelala kifudifudi."

Askari alifikiri. Nyuma yetu msururu wa magari ulipiga honi. "Inaumwa?" aliuliza, kisha akatupungia mkono tupite. "Na wewe dereva, ongeza mwendo kidogo. Unazuia wenzako."

Polepole alisononeka. Alisema hajawahi kuambiwa maneno kama hayo na mtu wa serikali, na kwa huzuni akapunguza mwendo.

Mchana, tulipofika kwenye soko la kando ya barabara, mvua ilianguka kama imemwagwa na mtu mwenye hasira. Polepole aliegesha papo hapo. Wachuuzi walitazama huku na huku, wakaona paa juu ya lori, wakaparamia. Tulipowafuata tulikuta watu wamejaa chini ya mashua, wamekaa kwenye vitanda vya mjomba kama wageni walioalikwa. Chini mle palikuwa pakavu kabisa. Mama mmoja mwenye tenga la kuku alikuwa amelifungua ili wapumue, na kuku wakatoka mmoja mmoja wakijitikisa. Jogoo aliruka juu ya godoro, na kutoka hapo akarukia ubao wa kichwani wa mashua. Akatulia katikati ya maua ya maharusi, akawika.

"Mama yangu, banda hili zuri!" yule mwenye kuku alisema, akipapasa mbao. "Tazama, wenyewe wamelipenda. Mnaliuza?"

Mkaza mjomba aligeuka polepole, akamtazama mumewe. Saa zilikuwa zinakwenda, maji yalikuwa bado mbali, na bunda la wavu lilikuwa mikononi mwake tayari.

Mjomba alimwondoa jogoo kwa adabu, kama unavyomwondoa mtoto wa watu. Kisha akavuta mkono wa shati lake safi, alilolivaa kwa ajili ya siku ile, akaanza kufuta kinyesi kwenye maua, ua moja, halafu jingine, bila kumtazama mtu.

"Haliuzwi," mkaza mjomba alisema ghafla. "Na si banda. Ni mashua, hamwoni? Haya, mwenye kuku wake awakusanye." Akageuka. "Na wewe, baba, washa gari. Mvua imekwisha."

"Bado inanyesha kidogo, ma..."

"Nimesema imekwisha."

Polepole alitazama mawingu, akatazama uso wa mkaza mjomba, akawasha gari. Kona zilizobaki hakushuka. Alizipita akiwa amekaza meno na kuomba dua kwa sauti.

Tulifika jua lingali juu. Kaka yake mkaza mjomba alitoka karakanani akifuta mikono, akalizunguka lori.

"Shemeji, asante," alisema. "Lakini mimi paa ninalo."

Wavuvi walicheka mpaka wakashikana. Walisema wameshaona mashua iliyopinduka majini, lakini iliyopinduka barabarani ndiyo leo. Mjomba hakujali. Aliwapanga pande mbili kama anavyowapanga vibarua wake wa kugeuza vitanda, na akawafundisha mwito wa karakana.

"Kichwaniii!" alipiga ukelele.

"Miguuniii!" wakaitikia ufukwe mzima, na mashua ikanyanyuka, ikageuka hewani, ikatua mchangani kwa tumbo lake, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ikitazama juu. Wakaisukuma.

Iliingia majini. Ikayumba. Ikaketi kwa nyuma, pua hewani, kwa sababu ubao ule wa maharusi ni mzito kuliko kichwa chochote cha mashua duniani. Mjomba alishika kinywa. Maji yalikuwa yameanza kukaribia maua.

Mkaza mjomba alikunja nguo, akaingia majini na viatu vyake, akalitupa bunda la wavu ndani, mbele kabisa, kwenye pua. Mashua ikashuka mbele, ikapanda nyuma, ikatulia sawasawa kama kitanda kilichopimwa kwa bilauri ya maji. Akapanda, akainama, akapapasa sakafu yote kwa viganja. Sote tulisubiri.

"Pakavu," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Wavu nitanunua mwingine."

Mjomba alikimbilia majini akiwa na shati lake lenye kinyesi cha kuku, akapanda akilia na kucheka, akaulizia tanga la shuka lilipo. Alimwita na Polepole apande ajinyooshe kidogo wakati wanasimamisha mlingoti. Polepole alilala sakafuni, mikono kifuani, macho mbinguni. Maji yalimbembeleza, kushoto, kulia. Tukaona kope zinashuka. Akapiga usingizi wa pono, mdomo wazi, na hata mlingoti ulipoanguka karibu na sikio lake hakutikisika.

Mjomba alisimama juu yake, akimtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Jamani. Na alikuwa mtu mzuri sana."

"Ana nini?" mkaza mjomba aliuliza.

"Amelala. Hafai tena."

"Na vifaranga wangu wa kesho?"

Mjomba aligeukia ufukweni, akaweka mikono mdomoni. "Shemeji! Unamjua dereva wa kuaminika wa kuturudisha?"

"Yupo mmoja!" shemeji yake alijibu kwa sauti. "Hodari kuliko wote!"

"Analala?"