Mabingobingo Niliyoyang'oa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama mbele ya nyumba yangu mpya ya bati, mlimani huku Rulenge, nikijiona mtu kati ya watu. Nilikuwa kijana, na sikio langu lilikuwa pambo tu.

Marehemu baba alikuwa amepanda safu tatu za mabingobingo, majani marefu kama matete, kukinga mteremko, na chini yake migomba. Mimi nikaona majani hayo yananifichia nyumba, wapita njia hawalioni bati langu. Nikang'oa yote, na migomba pia. Nikapanda ukoka, kama ule niliouona kwenye nyumba za wageni pale Nyakanazi, na ili uwahi kuwa kijani nikaumwagia mbolea ya urea, konzi kwa konzi, mawingu yakiwa yameshatanda.

Bibi Anastazia, jirani yangu, alipita na ndoo yake akielekea chemchemi iliyo chini yetu.

"Mjukuu wangu, mvua ikija utaizuia na nini mbolea hiyo?"

Nikacheka, nikaendelea kumwaga.

Mvua ikaja, ikateremsha udongo na mbolea yangu yote. Baada ya wiki chache chemchemi ilikuwa na utando wa kijani, unateleza, unanuka. Mimi nilikuwa na baiskeli, nikafuata maji bonde la pili. Bibi hakuwa na baiskeli, wala magoti ya kumfikisha huko. Hilo sikuliwaza, Mungu anisamehe.

Mchana mmoja akaja kwangu na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa. Mke wangu akamletea kikombe. Akaonja.

"Haya si ya hapa. Ya hapa nimeyanywa tangu nilipoolewa."

Akanywa yote, akashukuru. Mwanangu, laiti angenigombeza! Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia, "Bibi, nimekosa."

"Basi chukua panga. Mabingobingo yapo shambani kwangu, kata vipande ukapande. Hata baba yako mbegu aliitoa kwangu."

Nikapanda safu tatu, nikarudisha na migomba. Misimu miwili nikamchotea maji kwa baiskeli, kila siku, na nilimpenda kwa jinsi asivyonikumbusha kosa langu. Chemchemi ilipotakata nilimpelekea kikombe. Alikunywa polepole, kisha akasema, "Ndiyo haya." Nililia, sioni haya kukwambia.

Sasa wewe unajenga, na naona umeshafyeka mpaka ukingoni mwa kijito. Ukoka si dhambi, mwanangu. Panda kidogo mlangoni, lakini kati ya nyumba na maji acha majani marefu na miti. Usimwage mbolea mvua ikiwa inanukia. Na siku ya kuiweka, weka kidogo, penye shina, uifukie. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na majirani walio chini yako hawanywi uzuri wa ua wako.

Mungu aibariki nyumba yako, akupe watoto na wageni wengi. Na mzee akibisha hodi kuomba maji, umpe ya hapo hapo kwako, ukimtazama usoni.