Majina ya Siku ya Elfu

Bu Wiwik, yaani Mama Wiwik, wa mji mdogo wa Pedan, hakupenda kutupa kitu. Mikebe ya biskuti aliwekea skrubu, kalenda za mwaka jana alifungia vitabu, na shule ya ufundi ilipouza kompyuta zake kwa kilo kama vyuma chakavu, yeye alinunua mbili. Alizipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akaziweka juu ya meza katika kibanda chake cha fotokopi, mkabala na msikiti. Watu walimcheka. Mmoja alimuuliza kama anafungua makumbusho. Mama huyu si mtu wa kunyamaza. Alimjibu kwamba makumbusho yana kiingilio, basi atoe hela au atoke.

Siri yake ilikuwa flash moja nyeusi, ndogo kuliko kidole gumba. Jumapili mbili alihudhuria mafunzo ya bure katika ukumbi wa msikiti, akarudi na mfumo mwepesi wa Linux uliotoshea wote ndani ya flash hiyo. Ukiichomeka na kuwasha, mfumo mzima unapanda kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kufanyia kazi zake huko huko, hata kama kompyuta yenyewe ni kuukuu kiasi gani. Zile mbili za shule, ambazo zamani zilichukua muda wa kupika chai kabla ya kufunguka, sasa ziliamka upesi. Na virusi vya wateja, ambavyo huja katika flash zao kama chawa katika mkeka wa kuazima, havikupata pa kushika. Jambo hili alilijua na akalitangaza mno, mpaka wenzake wa fotokopi wakawa wakimwona wanavuka barabara.

Riziki yake kubwa ilikuwa vitabu vya Yasini. Mtu akifariki, familia husoma siku ya saba, ya arobaini, ya mia, ya mwaka, na mwisho kabisa siku ya elfu. Kwa siku kubwa kama ya mia huchapishwa kitabu, na cha siku ya elfu ndicho kamili: picha ya marehemu juu, Yasini na dua ndani, na ukurasa wa majina ya wafu wote wa ukoo ili nao waombewe. Baada ya hapo hesabu imekwisha.

Sasa, mdogo wake aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Batam alimletea kompyuta mpya, kitu kidogo kama nusu tofali, kimya, chepesi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Bu Wiwik alichomeka flash yake ileile ya zamani, akawasha, na kabla hajakaa vizuri kitini mfumo ulikuwa umeshafunguka. Alipiga kofi mezani kwa furaha, akamwita mumewe aje aone.

"Mas Jumadi! Njoo uone! Na umeme inakula kidogo kuliko taa ya chooni!"

Mumewe alikuja, akaona, akasema vizuri, akarudi kulisha kuku.

Jambo moja Bu Wiwik hakuliangalia. Flash yake ilikuwa na umri wa miaka saba, na mfumo uliokuwamo haukuwahi kukutana na diski ya aina iliyofungwa ndani ya kompyuta ile mpya, hivyo haukuiona. Katika zile za zamani alikuwa akihifadhi kazi kwenye diski ya ndani kila baada ya dakika chache, kwa sababu hakuziamini. Katika hii mpya alihifadhi pale alipoonyeshwa, na pale palikuwa ndani ya kumbukumbu tu, mahali ambapo kitu hukaa maadamu umeme upo. Mfumo ungemuuliza wakati wa kuzima kama anataka kazi iandikwe kwenye flash. Lakini mpaka uzime kwa adabu.

Siku ya Jumatatu alikuja Mbah Karsinah, bibi wa miaka sabini na sita. Alhamisi ya wiki hiyo mumewe angetimiza siku ya elfu. Kwa kawaida familia huleta majina yameandikwa kwenye karatasi, ila bibi huyu hakujua kuandika, na mwanawe, Pak Sunaryo wa ofisi ya tarafa, alikuwa na mikutano. Basi akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kutamka, Bu Wiwik akichapa moja kwa moja.

"Andika Mbok Giyem. Mama mkwe wangu. Mdomo wake ulikuwa pilipili, lakini mwandike."

"Nimemwandika, Mbah."

"Andika Parto. Huyu alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye mnazi wa watu. Mnazi wa jirani, Nduk, mwanangu. Usiandike hilo la mnazi."

Saa tatu zilipita, kwa maana kila jina lilikuja na kesi yake. Majina yalifika thelathini na moja. Bibi alikunywa chai, akaaga, akaenda zake. Bu Wiwik akaona achape nakala moja ya kuangalia makosa. Aliwasha printa. Printa ile hupata moto kabla ya kuchapa, na nyumba yao, duka na jiko pamoja, ilikuwa na mita ya wati mia nne na hamsini tu, ukizidisha hapo inakata. Ikasikika *tak!* ukutani, na kila kitu kikazima.

"Nani kachomeka jiko la wali?" alipiga kelele.

"Mimi," Mas Jumadi alijibu kutoka jikoni. "Si ulisema kompyuta yako mpya inakula kidogo kuliko taa ya chooni?"

"Nilisema kompyuta! Printa je?"

"Printa hukuitaja."

Kanuni ya nyumba waliijua wote wawili: printa ikiwaka, wali haupikwi. Bu Wiwik mwenyewe ndiye aliyeivuruga kwa majigambo yake, na hilo lilimuuma zaidi. Umeme uliporudi, akawasha na kutafuta. Alitafuta katika kila sehemu, akatafuta tena palepale alipokwisha kutafuta. Hapakuwa na jina hata moja.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Mas Jumadi alisema kwa upole.

"Methali zako kawape kuku."

Alichukua karatasi akajaribu kukumbuka. Alipata kumi na tisa. Alimkumbuka Parto kwa sababu ya mnazi na Mbok Giyem kwa sababu ya mdomo, ila waliokufa bila visa walimponyoka.

"Si kuna kitabu chao cha siku ya mia?" mumewe aliuliza.

"Kile kina baba na mama wa marehemu tu. Hii ni siku ya elfu, Mas. Hii ndiyo ya mwisho. Nikiwaacha watu kumi na wawili hapa, nitakuwa nimewaacha moja kwa moja."

Jioni ile, kabla ya magharibi, alijua kosa lilikuwa wapi. Alipakua toleo jipya la mfumo uleule, akaliweka kwenye flash nyingine, na kompyuta mpya ikaiona diski yake. Flash ya zamani aliirudishia kompyuta za zamani. Mfumo mmoja, umri mbalimbali, kila mashine na wa rika lake. Lilikuwa jambo la nusu saa tu, na hasira ilimkaba kwa kuwa lilikuwa jambo la nusu saa.

Asubuhi alikwenda kwa Mbah Karsinah kwa miguu, akitunga uongo njiani. Alipofika ukumbini mwa bibi, uongo wote ukamtoka, akasema kweli.

"Yamekwenda wapi?" bibi aliuliza.

"Hayakwenda popote, Mbah. Sikuyahifadhi sawasawa. Umeme ulipokatika, kompyuta ikasahau yote."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe. Naomba unitajie tena."

Bibi hakumkemea. Aliingia ndani kuvaa nguo za kutokea.

Kibandani, Mbah Karsinah aliikataa kompyuta mpya hata kabla ya kuelezwa. Alielekeza kidole kwenye moja ya zile za zamani, yenye ganda lililogeuka rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Tumia hii. Hii imeshaona mambo."

Wakaanza. Mbok Giyem, pilipili. Parto, mnazi. Safari hii baada ya kila jina Bu Wiwik alihifadhi kwenye diski ya ndani, na juu ya hilo aliandika kwa kalamu kwenye daftari. Walipofika kwa Atmo, baba yake bibi, Mbah Karsinah alisogeza kiti karibu. Akashika ukingo wa meza.

"Sasa andika Sadikun. Sadikun bin Atmo."

Vidole vya Bu Wiwik vilisimama. "Huyu jana hakuwemo, Mbah."

"Hakuwemo."

"Ni nani?"

"Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Alikuwa mfumaji. Walikuja watu wa chama, wale wakomunisti, wakagawa majembe, ukitia dole gumba unapewa jembe. Akatia dole gumba. Mwaka wa sitini na tano lori la askari likaja, wakasoma majina kwenye karatasi, na lake lilikuwepo."

Bu Wiwik alizaliwa Pedan na kukulia Pedan. Alijua ni malori gani, yale yaliyobeba watu wa chama wasirudi tena, na alijua kwamba hata leo watu hushusha sauti wakiyataja. Aliogopa. Hakuogopa kwa ajili ya bibi peke yake. Jina lake mwenyewe, la duka lake, huchapwa nyuma ya kila kitabu.

"Hatukuletewa mwili," bibi aliendelea. "Siku hatuijui. Na bila siku utahesabu nini? Hana saba, hana arobaini, hana elfu. Mwaka wa hamsini na nne huu, mtu hajamsomea ndugu yangu kwa jina lake."

"Na jana?"

"Jana nilimruka. Mwanangu yuko serikalini, nikamwogopea. Nimekesha najihukumu. Asubuhi ukaja wewe kuniambia yote yamefutika. Nikajua. Wale wengine wamekataa kwenda bila yeye."

Hapa ndipo Bu Wiwik alipopaswa kumwambia habari ya jiko la wali. Mama huyu humsahihisha mpaka khatibu wa Ijumaa. Kuacha mtu na kosa lake ni jambo ambalo hakupata kulifanya tangu azaliwe. Safari hii alimwacha nalo. Akachapa: Sadikun bin Atmo.

"Na Pak Sunaryo akiuliza?"

"Mwambie ni mashine iliyomtia."

"Mashine haimtii mtu yenyewe, Mbah."

"Atajuaje? Hajui hata kuiwasha."

Walimaliza na majina thelathini na mawili. Jumatano vitabu mia na hamsini vilichapwa na kubanwa pini, wali wa siku hiyo ukapikwa kwa kuni.

Pak Sunaryo alikuja kuvichukua akiwa katika sare ya kazi. Alifungua kimoja akakipitia, kama mtu aliyezoea kukagua karatasi. Alipofika ukurasa wa majina akasimama hapo. Bu Wiwik alijifanya kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Bin Atmo," Pak Sunaryo alisema hatimaye.

"Bin Atmo, Pak. Ndivyo nilivyotajiwa." Kuisingizia mashine hakuweza.

Pak Sunaryo alifunga kitabu. Akabeba maboksi mawili, moja juu ya lingine, akaondoka bila kusema asante wala lawama. Usiku ule Bu Wiwik alimwambia mumewe kwamba pengine ukurasa ule utachanwa, vitabu mia na hamsini, kimoja kimoja.

"Akiuchana, utachapa tena?" Mas Jumadi aliuliza.

"Nitachapa bure, nimpelekee bibi cha kwake."

Alhamisi kisomo kilikuwa baada ya alasiri, maana imamu alialikwa kwingine jioni. Wanaume walikaa mikekani mbele ya nyumba. Wanawake walikuwa nyuma wakipanga wali, kuku na mayai katika maboksi ya kupeleka nyumbani, na Bu Wiwik miongoni mwao, akiharibu, maana masikio yake yote yalikuwa mbele. Mbah Karsinah alikaa kwenye kibao kidogo kando ya mlango, mikono mapajani.

Imamu alifungua ukurasa wa majina. Ukurasa ulikuwepo. Akasoma jina la marehemu, akasoma wazazi wake, akashuka taratibu. Alipomsoma Atmo, Bu Wiwik aliacha kufunika boksi.

"Sadikun bin Atmo," imamu alisoma.

Baadhi ya wazee waliokaa mikekani walikuwa vijana mwaka ule; wengine walimjua, na pengine wengine walijua zaidi ya hapo. Mtu mmoja alikohoa. Bu Wiwik alisubiri kusikia mkeka ukisogezwa, mtu akiinuka kuondoka.

"Al-Fatiha," imamu akasema.

Sauti iliyoanza kabla ya zote, kubwa kuliko inavyotakiwa mahali pa kisomo, ilikuwa ya Pak Sunaryo. Kisha wengine wakaingia, mmoja mmoja, halafu wote. Mbah Karsinah aliitambua sauti ya mwanawe. Siku ya kumzika mumewe bibi huyu hakutoa chozi mbele za watu, lakini sasa alijishika kichwa kwa mikono miwili akalia kwa sauti, na wanawake wakamkimbilia kumshika, kwa maana alilia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba dakika ile.