Mikono ya Mama Isihaka

Kule Kwaluguru, mwanamke akijifungua, anaitwa Mama Isihaka aje kumkanda kwa maji ya moto. Ana mikono mizito na ulimi mkali. Amewakanda wazazi wa kijiji kizima, na sijasikia amemwuliza hata mmoja kama anaumia. Ukilia anakwambia utamalizia kulia baadaye.

Husna, mke wa mwanawe, alipojifungua kwa upasuaji, nesi alisema wazi: kidonda kikae kikavu, tumbo lisikandwe. Mama Isihaka akaitikia, "Sawa, binti yangu," kwa upole ambao sisi tunaomjua tungeuogopa. Walipofika nyumbani akabandika sufuria la maji. Aliamini damu iliyobaki tumboni haitolewi kwa sindano.

"Mama, nesi alikataza," Husna alisema.

"Nesi hatakuwepo humu tumbo likivimba. Lala chali."

Husna akalala. Nani atabishana na mama mkwe, na kuinuka mwenyewe hawezi? Baada ya siku chache kidonda kikatoa usaha, nyuzi zikaachia, akarudishwa hospitali. Nesi alipouliza kulikoni, Husna akajibu kwamba aliinua ndoo ya maji. Akagombezwa yeye. Mama Isihaka alikuwa pale pale, amempakata mtoto, asiseme neno.

Tangu hapo kazi zote za nyumba alizifanya Mama Isihaka. Alifua nguo, akapika uji, akamwogesha mtoto, lakini kumtazama Husna usoni hakuweza. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake. Husna naye alijuta, maana alidhani amemsitiri, kumbe amemtwisha mzigo.

Kidonda kilikuwa kimeanza kufunga jirani yao Zuena alipopiga hodi. Binti yake Ikram alikuwa ametoka hospitali, naye amepasuliwa.

"Shikamoo, Mama Isihaka. Maji nimeshabandika. Twende ukamkande mwanangu, wengine siwaamini."

Angeweza kusingizia mgongo unamuuma, lakini alijua Zuena angemtafuta mkandaji mwingine. Akajifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Husna hakuinua ndoo yoyote," alisema. "Kidonda chake nilikifungua mimi. Alinikataza, nikamlazimisha. Ikram asikandwe tumbo, si na mimi wala na mtu mwingine."

Alitegemea kutukanwa. Zuena akaketi taratibu kizingitini.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nilipopasuliwa nikamzaa huyo Ikram, ukanikanda, kidonda kikafumuka. Ukawaambia watu nimelala na mume wangu kabla arobaini haijaisha."

"Nilisema."

"Walinicheka hadi kisimani, Mama Isihaka. Mume wangu alijua si kweli, mimi nilijua si kweli. Lakini kwa jinsi ulivyosema, miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi."

Zuena akainuka, akaondoka haraka kwenda kuepua yale maji.