Nilivyopima Amplifaya Ukweni

Wenzangu, nikirudi Rusinga nitafunika uso! Mimi ni fundi wa redio hapa Migori, na Jumapili mchumba wangu alinipeleka kwao Rusinga mara ya kwanza. Mama yake akanionyesha amplifaya ya marehemu mzee: ya zamani, chaneli tano, kubwa kama sanduku la nguo, kifuniko cha nyuma hakipo. Moyo uliniruka! Leo mama atajua binti yake amepata mtu.

"Fundi wa kweli hapimi kwa macho," nikatangaza. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikaigusa juu. Ilikuwa na joto.

"Mama, hii ni mashine! Za zamani lazima zipate joto!"

Nikatega sikio. Twii, twii.

"Katika chaneli tano, ya nne inalia kidogo. Ni kapasita tu."

Mama akasema, "Mkwe wetu, stima imepotea tangu Ijumaa."

Nikafumbua macho. Kuku alikuwa akitoka nyuma ya amplifaya, vifaranga wakimfuata mmoja mmoja. Wa saba alipotokea, mama akaniuliza kwa upole, "Ulisema ni chaneli ngapi?"